J. R. R. Tolkien: Kijiji Kilichomezwa na Jiji

Wapenzi wengi wa riwaya za kifantasia humfahamu J. R. R. Tolkien kama profesa wa Oxford, mvuta kiko, aliyejifungia katika maktaba yake akabuni ulimwengu mzima pamoja na lugha zake, ramani zake na historia yake ya maelfu ya miaka. Taswira hiyo si ya uongo, ila inaficha jambo la msingi. Mwandishi huyu hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa Afrika, akahamishwa akiwa mtoto mdogo, na alipofikisha umri wa miaka kumi na miwili alikuwa yatima wa baba na mama. Kijiji alichokipenda kuliko mahali pengine popote alikaa humo miaka minne tu, kisha kikamezwa na jiji la viwanda. Anayetaka kujua ulimwengu wa The Lord of the Rings ulichipuka wapi hana budi kuzifuata nyayo za mtoto huyo kutoka mahali hadi mahali, na kuuliza pia kila mahali palikuwa na historia gani kabla yeye hajafika.

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka wa 1892 mjini Bloemfontein, makao makuu ya Orange Free State, ambayo wakati huo ilikuwa jamhuri huru ya Makaburu. Babake, Arthur Reuel Tolkien, alitoka Birmingham katika ukoo uliokuwa na asili ya Kijerumani na uliojishughulisha na utengenezaji wa piano hadi biashara hiyo ilipofilisika. Arthur alikuwa mtu wa benki. Ugunduzi wa almasi na dhahabu kusini mwa Afrika ulikuwa umewavuta watu wa fedha kutoka Uingereza, naye akavuka bahari kujaribu bahati yake katika Bank of Africa. Mchumba wake, Mabel Suffield, alimfuata mwaka wa 1891 wakaoana mjini Cape Town mwezi wa Aprili. Bloemfontein, mji ulioanzishwa mwaka wa 1846, ulikuwa bado mdogo, umezungukwa na nyanda kavu ambako upepo ulipeperusha vumbi hadi ndani ya nyumba. Arthur aliupenda akapanda miti katika bustani yake. Mabel hakuupenda. Alichukizwa na joto, na alichukizwa pia na jinsi Wazungu wa huko walivyowatendea Waafrika, jambo ambalo mwanawe alikuja kulikumbuka miaka mingi baadaye.

Miongoni mwa watumishi wa nyumba hiyo alikuwamo kijana Mwafrika aliyeitwa Isaak. Siku moja alimchukua mtoto Ronald bila ruhusa, akaenda naye kijijini kwake kuwaonyesha jamaa zake mtoto mweupe, akamrudisha asubuhi ya siku iliyofuata. Nyumba nzima ilikuwa imejaa kiwewe. Hata hivyo Isaak hakufukuzwa kazi, na alipopata mwana wa kiume alimwita Isaac Mister Tolkien Victor, jina la mwisho likiwa la kumtukuza Malkia Victoria. Waandishi wa wasifu wa Tolkien hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Msomaji Mwafrika hawezi kukipita hivi hivi. Kumpa mtoto jina la mtu ni kumfunga mtu huyo katika ukoo, na kwa kijana yule huenda tendo lile halikuwa mzaha hata kidogo.

Kisa kingine cha Bloemfontein ni cha buibui mkubwa aliyemuuma mtoto huyo bustanini alipokuwa akijifunza kutembea. Mtoto alikimbia nyasini akilia, na yaya akaifyonza sumu. Kwa kuwa riwaya zake zina buibui wa kutisha, wahakiki wengi wameharakisha kuunganisha mambo haya mawili. Tolkien mwenyewe hakukubaliana nao. Alisema hamkumbuki buibui yule wala hana chuki na wadudu wa jinsi hiyo. Alichokumbuka ni jua kali na kukimbia kwa hofu katika nyasi ndefu zilizokauka. Kumbukumbu ya Afrika iliyombakia ilikuwa ya mahali.

Joto lilimdhoofisha mtoto, na mwezi wa Aprili mwaka wa 1895 Mabel aliabiri meli kurudi Uingereza pamoja na Ronald na mdogo wake Hilary, aliyezaliwa mwaka wa 1894. Arthur alibaki kazini, nia yake ikiwa kuwafuata baadaye. Mwishoni mwa mwaka aliugua homa ya baridi yabisi. Tarehe 14 Februari mwaka wa 1896 Ronald, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alimsemea yaya wake barua ya kumpelekea babake, akimwarifu jinsi alivyokua. Barua hiyo haikutumwa. Simu ya maandishi iliingia kuarifu kwamba Arthur alikuwa akivuja damu tumboni, na siku iliyofuata alifariki. Alizikwa Bloemfontein. Mjane wake hakuwahi kurudi huko, wala mwanawe.

Katika majira ya joto ya mwaka huo huo wa 1896, Mabel alikodi nyumba ndogo katika kijiji cha Sarehole, kilomita chache kusini mwa kitovu cha Birmingham lakini ndani ya kaunti ya Worcestershire. Birmingham lilikuwa jiji la takribani watu nusu milioni, lenye viwanda vya chuma, bunduki, sindano na vifungo. Sarehole kulikuwa na mashamba, kijito, njia za vumbi zilizopitwa na mikokoteni, na ng'ambo ya barabara, kando ya mto Cole, palisimama kinu cha maji chenye bwawa lake. Nyumba ilikuwa namba 5 katika barabara ya Gracewell. Hapo ndipo Ronald na Hilary walipokua kuanzia mwaka wa 1896 hadi wa 1900, na miaka hiyo minne Tolkien aliitaja hadi uzeeni kama sehemu ndefu kuliko zote na yenye kumjenga kuliko zote katika maisha yake.

Watoto hao walikuwa na jiografia yao wenyewe. Msagaji wa kinu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeusi aliyefanya kazi na mwanawe. Kijana huyo, kwa kuwa daima alijaa unga, walimpa lakabu ya Zimwi Jeupe. Mkulima mmoja aliyewahi kumfukuza Ronald kwa kuchuma uyoga shambani mwake akaitwa Zimwi Jeusi. Kando ya bwawa palikuwa na mti mkubwa ulioinama juu ya maji, ambao Ronald alizoea kuukwea. Siku moja watu waliukata. Hawakuutumia kwa lolote; waliuacha umelala chini. Tolkien hakulisahau jambo hilo maishani mwake, na anayesoma hasira za miti inayotembea katika The Lord of the Rings atafanya vyema kuukumbuka mti wa Sarehole.

Hapa lakini historia ya mahali inadai kusikilizwa, kwa sababu ina jambo ambalo kumbukumbu ya mtoto haikulibeba. Unga uliomfanya kijana yule awe mweupe haukuwa wa nafaka. Katika miaka hiyo kinu cha Sarehole kilikuwa kikisaga mifupa kutengeneza mbolea. Tena, katikati ya karne ya 18 kinu hicho hicho kilikuwa kimekodishwa na Matthew Boulton, mfanyabiashara wa vyuma ambaye baadaye alishirikiana na James Watt kusambaza injini ya mvuke iliyoibadilisha sura ya dunia. Sarehole yenyewe ilipata injini ya mvuke na bomba la moshi la matofali katika miaka ya 1850. Hii ina maana kwamba pepo ya utotoni ya Tolkien, iliyokuja kuwa mfano wa maisha yasiyoguswa na mashine, ilikuwa imekwisha kuguswa zamani. Hilo halipunguzi uzito wa alichokiona. Linaonyesha tu kwamba nchi ya Shire katika riwaya zake ni kazi ya fasihi, si picha ya kamera.

Hata majina yalitoka huko. Mwanzoni watoto wa Sarehole waliwacheka Ronald na Hilary kwa mavazi yao ya kifahari na nywele zao ndefu, lakini baadaye wakawazoea, na Ronald akachukua baadhi ya maneno ya lahaja yao. Mojawapo lilikuwa gamgee, ambalo watu wa Birmingham walilitumia kwa maana ya pamba ya kufungia vidonda. Neno hilo lilitokana na jina la Sampson Gamgee, daktari mpasuaji wa Birmingham aliyevumbua aina hiyo ya bandeji mnamo mwaka wa 1880. Jina la daktari likawa jina la pamba, na jina la pamba likawa jina la ukoo wa Sam Gamgee, mtunza bustani mwaminifu ambaye kwa kipimo chochote ndiye shujaa wa kweli wa The Lord of the Rings. Wanafunzi wa isimu wanaofuatilia namna maneno yanavyohama maana watapata mfano mzuri hapa.

Mabel ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa wanawe. Alimfundisha Ronald Kilatini, Kifaransa na Kijerumani kidogo, akamfundisha pia kuchora, na kuitambua mimea kwa majani na maua yake. Lakini mwezi wa Juni mwaka wa 1900 alichukua hatua iliyobadilisha maisha ya wote: alijiunga na Kanisa Katoliki. Uingereza ya wakati huo hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa familia za Kiprotestanti. Babake Mabel alighadhabika, na shemeji yake aliyekuwa akimsaidia kwa fedha akaukata msaada huo. Mjane mwenye watoto wawili akabaki na kipato kidogo kilichotokana na akiba ya marehemu mumewe. Mwaka huo huo Ronald aliingia King Edward's School, shule kongwe iliyoanzishwa mwaka wa 1552, iliyokuwa katikati ya Birmingham. Tramu haikufika Sarehole, na nauli ilikuwa shida, kwa hiyo mvulana wa miaka minane alitembea sehemu kubwa ya safari. Hatimaye Mabel hakuwa na budi kuhamia mjini.

Waliishi Moseley kwanza, kisha King's Heath, katika nyumba iliyopakana na reli. Nyumba hiyo haikuwa na lolote la kupendeza, ila ndiyo iliyompa Tolkien kitu ambacho hata Sarehole haikumpa. Mabehewa ya makaa ya mawe yaliyopita nyuma ya nyumba yalikuwa yameandikwa majina ya miji ya Wales, kama vile Nantyglo na Senghenydd. Mtoto hakujua namna ya kuyatamka, lakini aliyaona mazuri, na alitaka kujua ni lugha gani hiyo inayoandikwa hivyo. Alikuja kujifunza Kiwelshi, akajifunza Kigothi na Kiingereza cha Kale, na akiwa Oxford akavutiwa na Kifini kupitia tenzi za Kalevala. Lugha alizowabunia majini wake wa msituni zimejengwa juu ya sauti za Kifini na za Kiwelshi. Tolkien daima alisisitiza kwamba lugha ndizo zilizotangulia, na kwamba hadithi zilibuniwa ili lugha hizo zipate watu wa kuzisema. Ni ajabu kwamba makaa ya mawe, chakula cha viwanda alivyovichukia, ndiyo yaliyomletea lugha hiyo mlangoni.

Mwaka wa 1902 familia ilihamia Edgbaston, karibu na nyumba ya mapadri wa Oratory iliyoanzishwa na John Henry Newman. Huko walikutana na Padri Francis Morgan, mtu mwenye damu ya Kiwelshi na ya Kihispania, mcheshi na mkarimu, aliyekuja kuwa mlezi wa watoto hao. Mnamo mwaka wa 1904 Mabel aligunduliwa kuwa na kisukari. Padri Morgan aliwatafutia makao huko Rednal, mashambani, chini ya vilima vya Lickey, na kwa miezi michache watoto walirudi kwenye miti na nyasi. Insulini haikuwa imegunduliwa. Hilo lilitukia mwaka wa 1921. Mabel alizirai mwezi wa Novemba na tarehe 14 akafa, akiwa na umri wa miaka 34, akazikwa Bromsgrove. Mwanawe aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba mamake alikufa shahidi wa imani, aliyeuawa na taabu aliyoachiwa na ndugu zake. Daktari pengine angesema vingine. Lakini imani ya Tolkien, yaani Ukatoliki wake usiotetereka, haieleweki bila kaburi lile la Bromsgrove.

Yatima hao walipelekwa kwa mke wa marehemu mjomba wao katika barabara ya Stirling, Edgbaston. Dirisha lilitazama bahari ya mapaa na mabomba ya moshi. Siku moja Ronald aliona majivu katika meko, akatambua kwamba shangazi huyo alikuwa amezichoma barua za mamake. Hakuwa na nia mbaya. Hakufikiria tu kwamba kuna mtu angezihitaji. Karibu na hapo imesimama minara miwili, mmoja uitwao Perrott's Folly, uliojengwa mwaka wa 1758 kwa urefu wa takribani mita 29, na mwingine wa kituo cha maji. Watalii huambiwa kwamba hiyo ndiyo minara miwili inayotajwa katika jina la juzuu la pili la The Lord of the Rings. Tolkien hakuwahi kusema hivyo, naye mwenyewe alisitasita kuhusu ni minara ipi hasa iliyokusudiwa na jina hilo. Barua zilizochomwa zina haki zaidi ya kukumbukwa katika mtaa huo kuliko minara.

Mwaka wa 1908 ndugu hao walihamia nyumba ya wapangaji katika barabara ya Duchess. Chumba cha chini kilikuwa cha Edith Bratt, yatima kama wao, mpiga piano mwenye umri wa miaka 19. Ronald alikuwa na miaka 16. Walipendana. Padri Morgan alipogundua, alimkataza Ronald kuonana au kuandikiana naye hadi atimize miaka 21. Alitii. Usiku alipotimiza umri huo, mwanzoni mwa Januari mwaka wa 1913, alimwandikia Edith barua, na kwa kuwa binti huyo alikuwa amekwisha kumkubali mwanamume mwingine, alipanda treni hadi Cheltenham kumshawishi abadili nia. Walioana Warwick tarehe 22 Machi mwaka wa 1916.

Mahali pawili pengine pa ujana wake panastahili kutajwa, ingawa kwa ufupi. Katika mwaka wa 1911, pamoja na mama mdogo wake Jane Neave na kikundi cha wasafiri, Tolkien alitembea kwa miguu katika milima ya Uswisi akitoka Interlaken kwenda bonde la Lauterbrunnen. Theluji na majabali aliyoyaona huko ndiyo yaliyokuja kuwa milima ya The Hobbit. Mama mdogo huyo baadaye alimiliki shamba huko Worcestershire lililoitwa Bag End, na msomaji wa riwaya hatahitaji kuelezwa jina hilo lilikwenda wapi.

Vita Kuu ya Kwanza ilimchukua Tolkien miezi michache baada ya harusi. Akiwa na kikosi cha Lancashire Fusiliers, afisa wa mawasiliano, alifika Ufaransa mwezi wa Juni mwaka wa 1916. Tarehe 1 Julai vita vya mto Somme vilianza, na siku hiyo moja takribani wanajeshi 19,000 wa Uingereza waliuawa. Miongoni mwao alikuwa Rob Gilson, mmoja wa marafiki watatu wa King Edward's School waliokuwa wakinywa chai pamoja na Tolkien katika duka la Barrow mjini Birmingham na kuahidiana kuifanyia sanaa jambo kubwa. Wa pili, Geoffrey Bache Smith, alikufa kwa majeraha mwezi wa Desemba. Tolkien aliokolewa na chawa. Homa ya mahandaki, inayoenezwa na mdudu huyo, ilimfanya arudishwe Uingereza mwezi wa Novemba, akalazwa katika chuo kikuu cha Birmingham kilichokuwa kimegeuzwa hospitali. Alipopata nafuu alikwenda Great Haywood, Staffordshire, alikokuwa Edith, na katika majira hayo ya baridi alianza kuandika hadithi za kwanza za ulimwengu wake. Baadaye alikiri kwamba vinamasi vya wafu katika The Lord of the Rings vilipata kitu fulani kutoka kaskazini mwa Ufaransa baada ya Somme. Katika msitu karibu na Roos, Yorkshire, mwaka wa 1917, Edith alimchezea ngoma kati ya maua meupe, na hapo akazaliwa Lúthien, binti wa kifalme anayeuacha umilele kwa ajili ya mpenzi wake.

Miaka iliyofuata ina mambo mengi ya kitaaluma na machache ya kusimulia. Alifundisha Leeds kuanzia mwaka wa 1920, akarudi Oxford mwaka wa 1925 kama profesa wa Kiingereza cha Kale, akaishi kwa miaka mingi katika barabara ya Northmoor, akalea watoto wanne. The Hobbit ilichapishwa mwaka wa 1937, na The Lord of the Rings ikatoka kwa juzuu tatu katika miaka ya 1954 na 1955. Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert ilikuwa imetoka mwaka wa 1951. Waandishi hawa wawili walijenga nchi zisizokuwapo kwa wakati mmoja, kila mmoja bila kumjua mwenzake. Ila Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani, ambako hakuna mkoloni ambaye angeweza kuidai kuwa ndiyo yake, na Tolkien aliiweka yake ardhini, penye matope, viazi na kinu.

Kinu hicho ndicho kiini cha sura ambayo wasomaji wengi huiona kama nyongeza tu. Mashujaa wanaporudi Shire baada ya vita, wanakuta miti imekatwa, kinu cha zamani kimebomolewa na kingine cha matofali, chenye moshi, kimejengwa mahali pake. Wahakiki wa miaka ya 1950 walisema hiyo ni picha ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Tolkien alikanusha. Katika utangulizi wa toleo la pili alieleza kwamba sura hiyo ilikuwa na msingi katika mambo aliyoyaona yeye mwenyewe, kwani nchi ya utotoni mwake ilikuwa ikiharibiwa kabla hajafikisha umri wa miaka kumi.

Kumbukumbu za mahali zinamuunga mkono. Mwaka wa 1911 eneo hilo la Worcestershire liliunganishwa rasmi na jiji la Birmingham. Kinu kiliacha kazi mwaka wa 1919. Tolkien aliporudi kutembea huko mwaka wa 1933 pamoja na familia yake, aliandika katika shajara yake kwa uchungu kuhusu tramu, lami na magari yaliyojaa pale palipokuwa na njia ya maua. Aliwaonea wivu watu ambao mandhari ya utotoni mwao haijabadilika kiasi hicho. Ni haki kuongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amenunua gari mwaka uliotangulia, na alikuwa dereva wa hatari. Kinu kilibaki gofu kwa miongo kadhaa hadi wakazi wa eneo hilo walipoanzisha kampeni ya kukiokoa. Tolkien, ambaye wakati huo alikuwa maarufu, alichangia fedha za ukarabati, na mwaka wa 1969 kinu kikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Katika miaka ya 1980 wakazi wakapigana tena, mara hii kulinda kinamasi na msitu wa Moseley Bog, uliokuwa karibu na nyumba ya Gracewell, dhidi ya ujenzi wa nyumba. Walishinda.

Afrika ilijitokeza tena katika maisha yake mara moja kwa namna ya kushangaza. Tarehe 5 Juni mwaka wa 1959 alitoa hotuba ya kuagana na chuo kikuu cha Oxford. Tangu miaka ya 1920 alikuwa ameupinga mtindo wa kuwagawa wanafunzi wa Kiingereza kati ya watu wa lugha na watu wa fasihi, kana kwamba mtu anaweza kulisoma shairi bila kujua sarufi yake, au kuisoma sarufi bila kulipenda shairi lolote. Katika hotuba hiyo aliulinganisha utengano huo na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, nchi aliyozaliwa, akasema kwamba chuki ya ubaguzi imo ndani ya mifupa yake. Idara nyingi za Kiswahili, ambako mwanaisimu na mwanafasihi hupitana ukumbini bila kusomana, zingeweza kuisikiliza hotuba hiyo kama iliandikwa kwa ajili yao.

Umaarufu ulimfukuza Oxford. Wasomaji wa Marekani walimpigia simu usiku wa manane wakisahau tofauti ya saa, na mwaka wa 1968 yeye na Edith wakahamia pwani ya kusini, karibu na Bournemouth. Edith alifariki tarehe 29 Novemba mwaka wa 1971. Tolkien alirudi Oxford, akapewa vyumba na chuo cha Merton, lakini alikuwa Bournemouth akiwatembelea marafiki alipougua ghafla, akafa tarehe 2 Septemba mwaka wa 1973 akiwa na umri wa miaka 81. Kitabu alichokianza Great Haywood mwaka wa 1916 hakikuwa kimekamilika. Mwanawe Christopher alikihariri na The Silmarillion ikachapishwa mwaka wa 1977. Mume na mke wamezikwa pamoja katika makaburi ya Wolvercote, nje kidogo ya Oxford. Chini ya jina la Edith limechongwa Lúthien, na chini ya jina lake, Beren. Babake amelala Bloemfontein, mamake Bromsgrove.